Fungua ya Baba

Zaina mwanangu,

Uko kwa bibi yako unaaga, na ninavyomjua bibi yako hutatoka pale kabla hajakushibisha mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa ukumbini, begi lako liko mbele yangu limekwisha kufungwa kamba, na mama yako anapita kila baada ya dakika chache kuchungulia ninaandika nini. Nimemwambia ni orodha ya vifaa vya kazi. Hajaamini.

Mambo ya kila siku nimemwachia yeye. Amekwisha kukwambia juu ya chandarua, juu ya maji ya kunywa, juu ya simu kila Ijumaa na juu ya kutoazimisha kanga zako. Hata mimi nisiyekwenda chuoni Pemba, Pemba yetu hii ya Msumbiji, nimeyakariri yote. Yangu ni machache, na karibu yote yanahusu waya, maana baba yako hajui kitu kingine. Lakini lipo moja ambalo nimekaa nalo miaka miwili, na sitaki upande gari kesho asubuhi kabla sijalisema. Linahusu harusi ya kunde.

Najua ukisoma hapo umeinamisha kichwa. Kinyanyue, uendelee kusoma.

Unakumbuka tulivyoanza. Watu wa gesi walipoanza kumiminika hapa Palma, kila mwenye nyumba ya matofali alijiona ana hoteli. Mzee Sumail aliwabananisha wanawe wote chumba kimoja, akavipaka rangi vilivyobaki, akaandika Pensão, nyumba ya wageni, juu ya mlango kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa baharini. Wageni wakaja kweli. Wakataka baridi chumbani, maji ya moto bafuni na samaki wabichi kila siku, naye akajenga chumba cha barafu nyuma ya jiko. Kisha akaja yule mhandisi mrefu wa chumba namba tatu, yule ambaye wenzake wakienda kuogelea yeye anabaki barazani na nyaya zake. Mkataba wake ulipoisha alimwachia Mzee Sumail zawadi, kisanduku cha kijivu kisichozidi sahani, ambacho ndani yake mna kompyuta ndogo ya kuendesha mambo ya nyumba. Ukikifungia vipimajoto na swichi zako vizuri, kinajua chumba gani kina joto, mlango gani uko wazi, tangi limejaa au la, na kinawasha na kuzima chenyewe. Mhandisi alikifunga kwa vyumba viwili, akanionyesha mara moja, akaondoka. Vilivyobaki vikaniangukia mimi.

Mimi nani? Mimi niliyevuka mpaka pale Namoto nikiwa kijana kwenda kujifunza umeme Mtwara, kwa fundi ambaye kipimo chake kilikuwa kidole. Akitaka kujua kama waya una umeme, anaugusa, akirushwa anasema ndiyo. Nilirudi nikijua taa, feni, friji na jenereta, na kwa miaka mingi ilitosha. Kisanduku kile kilinitisha, Zaina. Sikumwambia mtu. Nilisema tu kwamba nahitaji mtu wa kunisomea Kireno, nikakuchukua wewe, na ilikuwa likizo yako.

Nikwambie kweli, zile wiki tatu ni katika siku nilizofurahi sana maishani mwangu. Unajua vile vipimajoto vyenye ncha ya chuma na mkia mrefu mweusi, mama yako alivyoviita mikia ya panya, akakataa kabisa visilale ndani ya nyumba yake. Wewe ndiye uliyegundua kwamba vyote vinaweza kupangwa kwenye waya mmoja, kila kimoja na namba yake, na kisanduku kikaviita kimoja kimoja mithili ya mwalimu anayeita majina darasani. Nyaya tatu tu. Mwekundu wa umeme, mweusi wa kurudi, wa manjano wa kuzungumza. Mimi nilikuwa juu ya dari navuta waya wa simu, wewe uko chini kwenye kioo cha kisanduku unanipigia kelele, "Baba, chumba cha nne kimeingia! Ishirini na nane!" Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyevua samaki mkubwa.

Na unakumbuka themanini na tano. Nilipitisha waya wa vipimajoto bega kwa bega na waya mnene wa pampu, kwa uvivu tu, kwa kuwa tundu lilikuwa limeshatobolewa. Kisanduku kikatangaza kwamba tangi la maji lina nyuzijoto themanini na tano. Mzee Sumail akatoka mbio kwenda kuligusa. Wewe ulikaa na ile karatasi ya maelezo mpaka ukanijia na jibu: kipimajoto kisichopata umeme wake sawasawa hutaja themanini na tano kabla hakijapima chochote. Tukautoa waya, tukaupitisha peke yake mbali na pampu, tangi likarudi kuwa tangi. Tangu siku hiyo, mama yako akipandisha sauti kabla hajasikiliza habari yote, wewe na mimi hutazamana, tukasema themanini na tano. Anajua. Anajifanya hajui.

Nilipaswa kujifunza kitu siku ile, kwamba binti huyu husoma mpaka mwisho na mimi sisomi. Sikujifunza.

Sasa chumba cha barafu. Ilikuwa kazi ya mwisho, na nilitaka iishe kabla ya magharibi kwa sababu nilikwisha kumwahidi Mzee Sumail mbele za watu. Swichi ya sumaku mlangoni tayari, kipimajoto ukutani tayari, waya wa kwenda kwenye kompresa, ile mashine ya kuleta baridi, tayari. Ilibaki kukiandikia kisanduku kifanye nini joto likizidi. Wewe ulikuwa kwenye kioo pale ofisini, mimi nimepiga magoti kando yako nafunga skurubu. Nayakumbuka maneno yote, kwa hiyo sitayapamba.

"Baba, hapa panauliza, joto likizidi, compressor ifanyweje?"

"Ifungue."

"Kuna abrir, kufungua, na fechar, kufunga. Wasema kufungua ya mlango au kufungua ya redio?"

"Zaina, kufungua ni kufungua."

"Lakini baba, hapa wanazungumzia contacto..."

"Andika nilivyokwambia, mwana. Kireno si unakijua wewe?"

Ukaandika abrir.

Swali lako lilikuwa na kila kitu ndani yake. Sisi hapa tunafungua redio ikaimba, tunafungua feni ikazunguka, tunafungua bomba maji yakatoka. Kwetu kufungua ni kuruhusu kitu kipite. Lakini contacto ni pale ncha za waya zinapokutana, na kisanduku kinazungumza lugha ya waya. Waya ukifunguliwa umekatika, ncha zimeachana, umeme hauna njia. Ukifungwa, ncha zimekutana, umeme unapita. Ukikiambia abrir, kinakata. Wewe uliona kwamba kuna kufungua mbili na ukaniuliza ninataka ipi. Mimi fundi wa miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika skurubu mdomoni, na nilijua moja tu.

Tulipojaribu, chumba kilikuwa na baridi tayari, maana mpaka siku ile kompresa iliwashwa kwa mkono. Kisanduku kikaona baridi, kikaacha umeme upite, kompresa ikanguruma, nikapiga makofi. Kumbe kilikuwa kinafanya kinyume. Palipokuwa na baridi kiliendesha, na siku joto litakapopanda kingezima. Kikakaa hivyo kwa wiki kadhaa bila kudhuru mtu, maana joto halikupata sababu ya kupanda.

Sababu ikaja na harusi ya binti wa Mzee Sumail. Alhamisi Bi Atija na wanawake wenzake wa soko la samaki wakaleta kolekole, changu, pweza na kamba, wametoka majini muda si mrefu na bado wana joto la jua, wakawapanga mle mpaka kwenye dari. Joto likapanda. Kisanduku kikatii neno langu, kikakata. Mlango ukafungwa kwa kufuli mpaka siku ya harusi. Kipimajoto hakikusema uongo hata dakika moja, kilionyesha joto linapanda usiku na mchana, lakini kioo kilikuwa ofisini na ofisi ilifungwa, watu wote wako kwenye vigelegele. Jumamosi asubuhi Bi Atija alifungua ule mlango, na harufu ikamtoa mbio mpaka uwanjani.

Bibi arusi alikula kunde. Wakwe kutoka Mocímboa walikula kunde. Imamu alikula kunde, akasema al-hamdulillahi kwa sauti ndogo.

Sasa nafika penyewe. Mzee Sumail alinishika mkono akanipeleka ofisini, na nyuma yetu watu wamejaa mlangoni. Akasema, "Fundi Bakari, wewe ulisema chumba hiki kinajiendesha. Então? Imekuwaje?" Nikatazama kioo. Nikaliona lile neno, na saa ileile nikaelewa swali lako lote. Niliogopa. Kulikuwa na vijana wanakuja kutoka Maputo wana vyeti, na mimi sina hata karatasi moja, nina jina tu. Nikafungua mdomo nikasema:

"Mtoto aliandika vibaya."

Maneno matatu. Ulikuwa nyuma yangu umebeba mfuko wa bisibisi zangu. Nilingoja useme, na nafsi yangu ndogo iliomba usiseme. Ukainamisha kichwa.

Watu wa Palma wakipata jambo hawaliachi bure. Kabla ya wiki kuisha ulikuwa na jina. "Abrir huyo anapita, shikeni samaki zenu!" Shuleni Abrir, kisimani Abrir, sokoni Abrir. Siku moja nilikuwapo wanawake wakikuita hivyo, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hilo la kucheka linaniuma kuliko hata lile la ofisini, maana ofisini niliogopa, lakini pale sokoni sikuwa na cha kuogopa.

Likizo iliyofuata nilikuita tukafunge feni za msikiti, ukasema una masomo. Nikakuita tena, ukasema mkono wako hauna bahati na waya. Mwaka huu ulipojaza fomu ya chuo, mahali pa eletricidade, umeme, ukaruka, ukaandika hotelaria, kazi za hoteli. Mama yako alifurahi, akasema ni kazi safi. Mimi nilisema vizuri, vizuri, nikatoka nje kwenda kutengeneza jenereta ambayo haikuwa mbovu.

Nilikuwa nimepanga kukwambia haya yote leo, na nilidhani nitakuwa nakupa habari mpya. Basi sikiliza kilichonipata Jumanne.

Mzee Sumail ameongeza vyumba viwili, akaniita niviunge kwenye kisanduku. Nilihitaji tundu jipya la waya, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu mhandisi aondoke nikatoa skurubu nne na kukiondoa kifuniko chenyewe. Kwa ndani, kimebandikwa utepe, palikuwa na kipande cha karatasi ya daftari. Mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa ukiandika kwa mkaa ukutani.

"Fungua = fechar. Funga = abrir. Tafadhali asibadilishe mtu. Baba yangu ndivyo anavyosema."

Nilikaa chini sakafuni, Zaina.

Kwa maana miaka miwili iliyopita, Jumatatu baada ya harusi, nilikwenda kuirekebisha ile kompresa, nikakuta kwenye kioo yale maneno mawili ya Kireno hayapo tena. Palikuwa na Fungua na Funga. Nikajisemea, kumbe mashine hii ina Kiswahili! Nikabonyeza Fungua, kompresa ikanguruma. Nikatoka kifua mbele, nikamwambia Mzee Sumail, nimeitengeneza. Akasema ahsante fundi, akanitazama kwa muda mrefu kidogo. Nikadhani anastaajabia ufundi wangu.

Basi Jumanne nikamwendea na karatasi mkononi.

"Mzee, hii kaiweka nani?"

"Ah, leo ndiyo umeiona? Nani tena, pá, si binti yako! Jumapili ileile alikuja, kaniamkia, kaniomba dakika kumi. Nikamwambia, menina, si wewe uliyenilisha kunde siku ya harusi ya mwanangu? Akaniamkia mara ya pili, akasema, naomba dakika kumi tu. Akakaa pale, akabadili. Akanambia, usimwambie baba, ataona vibaya."

"Kwa hiyo wajua neno lilikuwa la nani."

"Fundi, mimi nimezaliwa hapahapa. Na mimi nafungua redio."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani siku tatu. Miaka miwili kila nilipokigusa kisanduku kile nilisema neno langu la nyumbani, nacho kikanielewa, kwa sababu mtoto niliyemtupia lawama alikaa dakika kumi akakifundisha jinsi baba yake anavyosema. Ungeweza kuniandikia somo pale kwenye kioo. Ungeweza kuniacha nikosee tena. Ulinifunika, mwanangu, na mimi nilikuwa nimekuvua mbele za watu. Nimeona haya, na nimejivuna, vyote kwa pamoja, na sijui vinakaaje katika kifua kimoja.

Mkono usio na bahati na waya hauwezi kufanya ulichokifanya. Nakwambia kama fundi, ubaba nimeuweka kando.

Sikuandikii haya ili ubadilishe fomu. Hotelaria ni kazi, na watu wa gesi wataendelea kuja, na lazima pawe na mtu wa kuwakunjia taulo zao zikafanana na bata. Kama unakwenda huko kwa kuwa unapapenda, nenda, nami nitamsimulia kila mtu juu ya bata wako. Lakini kama unakwenda kwa sababu uliyaamini maneno yangu matatu, basi maneno hayo leo nimeyarudisha kinywani mwangu. Karani wa chuo aliniambia kwenye simu kwamba wiki ya kwanza mtu anaweza kuhama kozi. Nilimpigia kuuliza tu. Mita yangu ya kupimia umeme, ile ya manjano, nimeitia kwenye begi lako katikati ya kanga mbili ili isivunjike. Usiporudi kwenye waya, ilaze juu ya karatasi zako upepo usizipeperushe.

Mimi sina hekima ya kukufungia safari. Nina mambo mawili matatu ya kazi. Andika jina la waya kwenye ncha zote mbili, usijidanganye kwamba utakumbuka. Kiungo cha waya karibu na bahari kichomee risasi ya kulehemu, maana chumvi haisamehi. Na siku hizi mtu akiniuliza, fundi, wasema ya namna gani, naacha bisibisi chini, natoa skurubu mdomoni, namtazama. Nimechelewa kuanza, lakini nimeanza.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, sikwenda kwenye kazi kama nilivyoaga. Nilikwenda soko la samaki. Nilimngoja Bi Atija amalize na mteja wake, nikasimama mbele ya meza zao, nikasema kwa sauti wasikie wote: "Zile samaki za harusi niliziozesha mimi. Zaina aliniuliza, nikamnyamazisha. Kisha nikamsingizia."

Bi Atija akafuta kisu chake.

"Miaka miwili, Bakari?"

"Miaka miwili."

"Na mwana wa watu tunamwita vile, nawe upo, wacheka?"

"Nilikuwapo. Nilicheka."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Kisha akasema, "Haya. Jina lile lina mwenyewe, basi," na akawageukia wenzake. Sikufika hata kwenye kona. Kutoka nyuma sauti kama kumi zikaita kwa pamoja, "Abrir! We, Abrir! Njoo uchukue pweza wa binti yako wa safari!"

Nikarudi. Nikaitika. Pweza yuko jikoni, mama yako anampika na nazi, ndiyo sababu ya harufu utakayoikuta ukirudi, na usiseme umeshiba kwa bibi.

Gari la kesho litapita pale sokoni, na wale wanawake watakuwa wameshapanga meza zao, na mimi nitakuwa nimesimama pamoja nao kukupungia mkono. Ukisikia wanaita lile jina, usiinamishe kichwa, wala usigeuke. Wananiita mimi.

Baba yako.